Waya wa Ardhini Katika Kituo cha Hali ya Hewa cha Shule

Mwalimu apangiwaye shule ya kando ya Ziwa Viktoria, iwe katika wilaya ya Bukoba au ya Muleba, hana haja ya kwenda mbali kutafuta zana za kufundishia somo la hali ya hewa. Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa hiyo ni mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Mvua hiyo aghalabu huandamana na radi. Tena radi za huku hupiga mara nyingi alfajiri na asubuhi, jambo ambalo mgeni aliyezoea mvua za alasiri hulistaajabia. Sababu yake ni ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa upesi, lakini maji ya ziwa hubaki na uvuguvugu. Hewa iliyo juu ya maji hupanda, mawingu makubwa hujengeka ziwani, na pepo zivumazo kutoka mashariki huyasukuma mpaka ufuko wa magharibi, ambao ndio wetu.

Nimeyatanguliza haya kwa makusudi. Saa tatu asubuhi ndiyo saa ambayo vituo vya hali ya hewa husoma kipimamvua, na mwalimu wa Sayansi naye humtuma mwanafunzi wa zamu mlingotini saa hiyo hiyo. Hivyo saa ya kusoma vipimo na saa ya radi hukutana, na aliye hapo katikati ni mtoto.

Zamani kituo cha shule kilikuwa mkebe, rula, kipimajoto na bendera ya kuonyesha upepo. Vyombo hivyo bado vinafaa, wala mwanachuo asione haya kuvitumia. Lakini siku hizi shule huweza kupata vyombo vya namna nyingine: vihisi vidogo vinavyopima joto, unyevunyevu, mvua na upepo vyenyewe, na kupeleka hesabu kwa waya au kwa mtandao wa simu mpaka kwenye kompyuta. Mpango wa TAHMO, ambao lengo lake ni kuweka vituo 20,000 katika Afrika, umeweka vingi vya vituo vyake katika viwanja vya shule, mathalani katika Kenya na Uganda, ili shule ivilinde na wanafunzi wavitumie katika masomo. Yafaa basi mwalimu ajue si kusoma hesabu hizo tu, bali pia namna mlingoti, nyaya na ardhi vinavyopaswa kuungana. Makala haya yanahusu jambo hilo.

Kisa cha waya wa mita 40

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Katika shule moja ya Muleba, ambayo sitaitaja, tulisimamisha mlingoti wa chuma katika kiwanja, tukafunga vihisi juu yake, tukavuta waya wa mita 40 mpaka ofisi ya walimu palipokuwa na kompyuta. Nilikuwa nimesoma kwamba kila mlingoti sharti uwe na waya wa ardhini, basi tukachimbia fimbo ya shaba chini ya mlingoti na kuufunga nayo. Nilijisifu kwamba kazi imekamilika. Ofisi nayo ilikuwa na fimbo yake kando ya mita ya umeme, kama nyumba yoyote iliyofungwa umeme kwa kanuni.

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili radi ilipiga mkaratusi uliokuwa umbali wa mita 25 hivi kutoka mlingotini. Haikupiga mlingoti wala ofisi. Hata hivyo kisanduku cha kupokelea vipimo kiliyeyuka, kompyuta ikaungua pale waya ulipoingia, na ukuta ukabaki na doa jeusi. Mwanafunzi wa zamu alikuwa ameondoka mlingotini dakika chache kabla ya hapo, naye alikuwa ameketi darasani. Laiti angekuwa ofisini anabonyeza kompyuta ile, nisingekuwa ninaandika makala bali taarifa ya msiba.

Kwa muda mrefu sikuelewa. Mlingoti ulikuwa na ardhi yake, na ofisi ilikuwa na ardhi yake. Kosa lilikuwa wapi? Kosa lilikuwa papo hapo, katika maneno hayo: mlingoti na *yake*, ofisi na *yake*.

Ardhi si kitu kimoja

Tumezoea kufundisha kwamba umeme wa radi “huingia ardhini na kupotea”. Maneno haya yanatosha Darasa la Tatu, lakini mwalimu asiyaamini kupita kiasi. Radi ya kawaida hubeba mkondo wa ampea 20,000 hadi 30,000, kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mkondo huo ufikapo ardhini haumezwi kama maji kwenye shimo, bali hutawanyika pande zote, na udongo huupinga. Kwa kuwa udongo huupinga, volteji huwa kubwa sana pale radi ilipopiga, nayo hupungua kadiri tunavyokwenda mbali.

Kwa matumizi ya darasani nimeona kanuni moja rahisi kuwa ya msaada. Ukichukua radi ya ampea 20,000 na udongo wenye unyevu wa kadiri, volteji ya ardhi katika mahali fulani hupatikana, kwa makadirio, kwa kugawanya 300,000 kwa umbali wa mahali hapo kwa mita. Hivyo katika mita 5 volteji ni 60,000. Katika mita 6 ni 50,000. Katika mita 10 ni 30,000. Katika mita 20 ni 15,000. Na katika mita 30 ni 10,000. Katika udongo mkavu au wenye mawe hesabu hizi huweza kuzidi mara kumi na zaidi.

Sasa turudi Muleba. Mlingoti ulikuwa mita 25 kutoka kwenye mti, kwa hiyo ardhi yake ilipanda mpaka volti 12,000. Ofisi ilikuwa mita 65 kutoka kwenye mti huo huo, na ardhi yake ilipanda mpaka volti 4,600 tu. Kati ya ardhi hizo mbili palikuwa na tofauti ya volti 7,400, na njia iliyoziunganisha ilikuwa moja: waya mwembamba wa vipimo, uliotengenezwa kuchukua volti 5. Umeme ulipita humo. Mimi ndiye niliyeutengenezea njia.

Kama radi ingeupiga mlingoti wenyewe, hali ingekuwa mbaya zaidi. Tuseme fundi amefanya kazi njema na ukinzani wa fimbo za mlingoti umeshuka mpaka omu 10. Ampea 20,000 mara omu 10 ni volti 200,000. Mwanachuo aone hapa kwamba fimbo ya ardhini, hata iliyo nzuri, haikifanyi kitu kuwa na volti sifuri wakati wa radi. Kazi yake ni kuupa mkondo njia pana kuliko mwili wa mtu au waya mwembamba. Usalama hutokana na vitu vyote ambavyo mtu aweza kuvigusa kwa wakati mmoja kupanda na kushuka pamoja, bila tofauti kati yao.

Kanuni inayofuata ni hii: kila shule iwe na ardhi moja kwa vyombo vilivyounganishwa. Ikiwa mlingoti una fimbo zake na jengo lina fimbo yake, fimbo hizo ziunganishwe kwa waya mnene wa shaba, chini ya udongo, kiasi cha nusu mita kwenda chini. Waya wa kuunganishia ndani ya jengo usipungue milimita 16 za mraba, na ule unaozikwa ardhini na kubeba mkondo wa radi uwe wa milimita 50 za mraba. Hata hivyo nisimdanganye msomaji. Mkondo wa radi hubadilika kwa kasi kubwa mno, na waya wa mita 40, hata uwe mnene namna gani, huupinga mabadiliko hayo. Tofauti ya volteji hupungua sana lakini haimaliziki. Kwa sababu hiyo huwekwa pia vizuizi vya umeme wa ghafla katika ncha zote mbili za waya wa vipimo, navyo hufungwa kwenye ardhi ile ile moja kwa waya mfupi kadiri iwezekanavyo.

Na kama nikiulizwa leo ni njia ipi bora, nitajibu kwamba ni kutovuta waya kabisa. Kituo kinachotumia paneli ndogo ya jua na betri, na kupeleka vipimo kwa mtandao wa simu, hakina waya wa kuleta radi ofisini. Penye haja ya kuunganisha majengo mawili, nyuzi za kioo ambazo hupitisha mwanga badala ya umeme hukata njia hiyo kabisa, ilimradi zisiwe na waya wa chuma ndani yake wa kuziimarisha. Tofauti ya bei huonekana kubwa siku ya kununua. Kompyuta iliyoungua nayo ina bei yake.

Profesa Richmann

Kosa la namna hii lina historia. Mnamo mwaka 1752 Benjamin Franklin wa Marekani alitangaza jaribio lake la tiara, na mwaka huo huo wataalamu wa Ulaya walianza kusimamisha fimbo za chuma ili kuuchunguza umeme wa mawingu. Katika mji wa Saint Petersburg, Profesa Georg Wilhelm Richmann aliweka fimbo juu ya paa la nyumba yake, akavuta waya mpaka ndani, akaufunga kwenye chombo cha kupimia nguvu ya umeme. Kwa kuwa alitaka kupima, fimbo hiyo hakuiunganisha na ardhi. Mwaka 1753, wakati wa ngurumo, alikwenda kusoma chombo chake. Radi ikaruka kutoka kwenye chombo mpaka kichwani mwake, naye akafa papo hapo. Mchoraji aliyekuwa karibu naye aliangushwa lakini akaokoka.

Nimeona kisa hiki kikiwagusa wanachuo kuliko hesabu zote. Chombo cha Richmann kilikuwa kihisi, na waya wake ulikuwa waya wa vipimo. Tofauti kati yake na sisi ni kwamba yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujaribu, ilhali sisi tumekwisha kuelezwa.

Udongo wa rweya na udongo wa kibanja

Vitabu vingi husema “chimbia fimbo ya mita 1.5” kana kwamba udongo ni ule ule kila mahali. Mtu aliyezaliwa Kagera anajua kwamba sivyo. Wahaya hutofautisha kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio wazi. Kibanja kimelishwa samadi na matandazo kwa vizazi vingi. Udongo wake ni mweusi, una kina na unyevu hata wakati wa kiangazi. Rweya ni udongo mwepesi uliooshwa na mvua, na mara nyingi chini yake, karibu sana, pana mwamba wa mchanga, ule ambao wanajiolojia waliuita kwa jina la Bukoba yenyewe.

Shule zetu, kwa bahati mbaya kwa fundi wa umeme, hujengwa aghalabu kwenye rweya, kwa maana ndiko kulikokuwa na nafasi. Fimbo ikigonga mwamba kwa kina cha nusu mita, wengine huikata na kuondoka. Afadhali asiyechimbia kabisa, kwa maana huyo hajidanganyi. Dawa ni kuchimba handaki refu la kina cha nusu mita na kulaza humo waya wa shaba usiovikwa kitu, kuuelekeza upande wenye udongo mzuri, yaani upande wa migomba ya shule au bonde, na kuchimbia fimbo kadhaa huko. Fimbo zipishane kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo moja, na ikiwezekana mara mbili yake. Zikikaribiana mno hugombania udongo ule ule na faida yake hupungua. Fimbo moja ya mita 1.5, hata katika udongo wenye unyevu, huweza kuwa na ukinzani wa makumi ya omu, ilhali lengo la kinga ya radi ni omu 10 au chini ya hapo. Ndiyo maana fimbo moja haitoshi.

Mafundi wengi humwaga chumvi na mkaa shimoni. Chumvi hushusha ukinzani upesi, na siku ya kupimwa kila mtu hufurahi. Lakini kwa mvua za Bukoba chumvi huoshwa ikaenda zake, na kabla haijaenda huwa imekwisha kuila fimbo. Kushindilia udongo wa mfinyanzi kuizunguka fimbo hakuna sifa ya haraka, lakini hutunza unyevu. Neno lingine: zamani watu walifunga waya wa ardhini kwenye bomba la maji. Mabomba ya siku hizi ni ya plastiki, nayo hayapitishi umeme. Nimeliona kosa hilo zaidi ya mara moja, na waya wenyewe ulikuwa umefungwa vizuri sana.

Kazi ya mwalimu na kazi ya fundi

Mwalimu asivuke mpaka huu. Yote yanayohusu umeme wa volti 230, yaani kufungua kisanduku cha mita, kuongeza soketi au kuunganisha ardhi ya mlingoti na ardhi ya jengo, ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, naye apime ukinzani kwa chombo chake mbele ya Mwalimu Mkuu na kuandika matokeo. Kinga ya radi kwa jengo zima ni kazi ya mtaalamu vile vile. Fundi aombwe pia kuweka swichi ile inayokata umeme wenyewe mara mkondo wa miliampea 30 unapovuja, maana hiyo humwokoa mtoto aliyegusa waya uliochubuka. Ila ajulikane kwamba swichi hiyo haizuii radi.

Upande wa vihisi, ambako volti ni 5 au 12, mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kufanya mengi. Waya wa vipimo upite ndani ya bomba la plastiki lililozikwa, usitundikwe mtini wala kufungwa kwenye uzio wa waya. Usilazwe sambamba na waya wa umeme wa TANESCO. Uwe mbali nao kwa sentimita 30 au zaidi, na penye lazima ya kukutana vikatize kama msalaba. Kabla ya kuingia ukutani, waya uachwe uning'inie kidogo chini ya tundu, ili matone ya mvua yaishie hapo na yasiufuate mpaka kwenye chombo. Wakati wa kufunga, waya wa ardhini huwa wa kwanza, na wakati wa kufungua huwa wa mwisho. Mlingoti usiwekwe katika njia wapitayo watoto, wala karibu na mti mrefu.

Kufundisha jambo hili darasani

Nimelifundisha somo hili mara kadhaa kwa Darasa la Sita, na nimejifunza kutoanza na mlingoti. Huanza na udongo. Wanafunzi waje na mikebe miwili ya plastiki, mmoja wenye udongo wa kibanja, mwingine wa rweya uliokauka. Mwalimu awe na betri ya volti 9, taa ndogo nyekundu ya LED, kikinza cha omu 470 na misumari miwili. Taa, kikinza na betri vifungwe mfululizo, na misumari ichomekwe katika mkebe kwa umbali wa sentimita 3. Katika udongo wenye unyevu taa itatoa mwanga hafifu unaoonekana vizuri darasa likitiwa giza. Katika udongo mkavu haitawaka. Kisha rweya itiwe maji, nao watazame. Kikinza kisisahauliwe, kwani misumari ikigusana bila hicho taa itaungua, na pamoja nayo somo.

Baada ya hapo twende uwanjani. Chora kwa kijiti miduara inayozunguka kigingi kimoja, yenye nusu kipenyo cha mita 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30, na uandike volti za kila mduara kwa kanuni niliyoitaja: 60,000, 50,000, 30,000, 25,000, 20,000, 15,000 na 10,000. Wanafunzi wawili wasimame mmoja katika mduara wa mita 5, mwingine katika ule wa mita 6, wakishikana mikono, nao darasa litoe hesabu: pana tofauti ya volti 10,000 kati yao. Kisha mmoja asimame amebana miguu, naye aulizwe ana tofauti gani kati ya mguu na mguu. Hapo waulize kwa nini ng'ombe hufa wengi kwa radi moja chini ya mti mmoja. Watoto wa wafugaji hujibu kabla hujamaliza swali: miguu ya mbele iko mbali na ya nyuma, na moyo uko katikati.

Mwishowe nyosha kamba kati ya mduara wa mita 5 na wa mita 30 na kuiita waya wa vipimo. Wenyewe watasema pana volti 50,000 kati ya ncha mbili. Sijapata kuona njia nyepesi kuliko hii ya kueleza kwa nini ardhi mbili ziunganishwe.

Mwalimu ategemee swali jingine pia. Binti mmoja aliinuka akaniambia, “Mwalimu, bibi amesema radi hutumwa na mtu mwenye wivu, na tena haipendi nguo nyekundu.” Darasa zima lilinyamaza kutazama nitafanya nini. Kumcheka bibi wa mtoto mbele ya wenzake ni kumfukuza mtoto katika somo. Nilimwuliza bibi huwafanya nini watoto ngurumo ianzapo. Akasema huwaita waingie ndani, waache kuchota maji, wakae kimya. Nikalisifu agizo hilo, kwa kuwa ni la kweli, kisha tukarudi kwenye miduara na kuuliza kama rangi ya nguo ingebadilisha hesabu yoyote iliyoandikwa mchangani. Wao ndio waliosema haiwezi. Nilimwagiza amsalimu bibi, nami nikamwandikia hesabu zile katika daftari ili akamwonyeshe.

Lazima pia waelezwe bila kuwatisha kwamba mambo haya yametokea shuleni, tena karibu nasi. Katika Uganda, Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Mkoani Geita, ambao ni jirani zetu, wanafunzi 6 waliuawa Oktoba 2018, na wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, Bukombe, waliuawa Januari 2025. Paa la bati juu ya kuta za matofali, lisilo na waya mnene wa kushusha mkondo ardhini, halimhakikishii mtoto usalama. Ikiwa hakuna jengo lenye kinga, watoto waketi katikati ya chumba, mbali na kuta, madirisha na nyaya, miguu imebanwa au imewekwa juu ya ubao wa dawati. Aliyepigwa na radi hana umeme uliobaki mwilini. Aguswe mara moja, na kama hapumui asaidiwe kupumua na kifua kikandamizwe mpaka msaada ufike.

Zamu na ukaguzi

Zamu ya kusoma vipimo ipangwe hivi. Kabla ya mwanafunzi kutoka, asimame mlangoni asikilize na kutazama ziwani. Akiona mmweko ahesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni karibu kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, haendi mlingotini, wala hagusi kompyuta iliyounganishwa nao. Hungoja mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Katika daftari aandike “radi” pale ambapo kipimo kingekaa. Mwalimu asimkate alama kwa nafasi hiyo, maana kuandika kwamba radi ilikuwapo ni kipimo cha hali ya hewa kama vingine. Plagi ya kompyuta na waya wa vipimo vichomolewe jioni kabla ya kufunga ofisi, mawingu yakiwa bado mbali. Kuvichomoa radi ikiwa juu ya paa ni hatari kuliko kuviacha.

Kila mwanzo wa muhula mwalimu aufuate waya wa ardhini kwa macho na kwa mkono, siku ya jua, kutoka mlingotini mpaka pale unapoingia udongoni. Avikaze vibanio, asugue kutu ya kijani, atazame kama jembe la shamba la shule limeukata. Katika majengo yaliyotikiswa na tetemeko la 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, atazame hasa pale ukuta ulipopata ufa na kuzibwa, kwa maana waya uliopita humo huweza kuwa umekatika ndani ya lipu mpya. Na atazame kama shaba bado ipo. Shaba huibiwa, nami nimefika katika kituo ambacho waya wote wa ardhini ulikuwa umeng'olewa usiku, vikabaki vibanio viwili vilivyong'arishwa vizuri, na daftari la zamu likiendelea kujazwa kila asubuhi. Penye wizi wa namna hiyo ni heri kutumia chuma kilichopakwa zinki, kinene zaidi, ambacho hakina soko. Matokeo ya ukaguzi yaandikwe katika daftari lile lile la vipimo, ukurasa wa mwisho, pamoja na tarehe na idadi ya omu ambayo fundi alipima mara ya mwisho, ili mwalimu atakayepokea shule ayakute.